Nyumba Tatu za Mwashi

Mwashi alikuwa haitiki salamu yako mpaka kwanza autazame ukuta uliouegemea. Ukisimama mlangoni kwake ukasema asalaam alaikum, macho yake yalikupita, yakapanda ukutani, yakashuka, ndipo akajibu, "Alaikum salaam. Ondoka hapo, pana unyevu." Wageni walimdhania hana adabu. Sisi tuliokaa naye Wiyoni, mlango wa tatu kutoka kwao, tulijua ndivyo alivyo, tukaondoka tulipoegemea.

Jina lake sitalitaja. Kwanza hakupenda kutajwa. Pili, mimi si mtu wa kumtaja, na sababu nitaisema nikiifikia, msinikimbize. Mtaa mzima ulimwita Mwashi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kujenga nyumba za mawe na chokaa, zile za kuta nene zenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndani, na waliobaki wanaoijua kazi hiyo sawasawa unaweza kuwahesabu kwa vidole na vidole vikabaki.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ikivuja. Naam, Mwashi! Mvua ikinyesha, mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akipanga masufuria sebuleni kama mtu anayefungua duka. Ukimuuliza mume mbona hatengenezi, alisema nyumba ile ni ya muda. Miaka yote ile niliyomjua ilikuwa ya muda. Mabati aliyoyaweka kwa muda yalipata kutu, akayafunika na mengine kwa muda. Lakini nyumba ya mtu mwingine ikiwa na ufa mwembamba kama unywele, yeye halali. Aliwahi kugombana na kamati ya msikiti juu ya ufa uliokuwa ukutani karibu na kibla. Wao walisema pesa hazijapatikana, yeye akasema hataki pesa. Wao wakasema hata hivyo wangoje mkutano. Basi akahama safu ya mbele, akaswali safu ya mwisho mwaka mzima ili asiuone. Imamu alimfuata mpaka kwake kumbembeleza, akamkuta anakula, akamkaribisha chakula vizuri sana, na la ufa asilizungumze kabisa.

Alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi wa kusaidia, na vyote viwili vilikuja kwa pamoja. Baba yangu alipofariki, choo chetu kilikuwa nusu kimebomolewa. Siku ya nne ya msiba Mwashi akaingia na ndoo na mwiko wake bila kuitwa, akakaa siku mbili ndani ya choo chetu akinung'unika kuhusu fundi aliyetangulia. Alipomaliza, mama akamtolea bahasha. Lo! Alivyofoka mtaa mzima ulisikia. "Bi mkubwa, wanitukana? Wanitukana mbele ya wana wako?" Mama akalia, na Mwashi naye alipoona mama analia akakimbia na ndoo yake, akaacha viatu. Niliagizwa mimi nimpelekee.

Nayasema haya ili mjue alikuwa nani kwetu.

Jambo moja lililomshinda lilikuwa karatasi za serikali. Si kwamba hakujua kusoma. Kurani aliisoma vizuri, na hati yake ya Kiarabu ilikuwa nzuri hata watu walimwomba awaandikie majina ya watoto wao. Lakini hizi herufi za shuleni hakuzijua, na alikuwa na umri wa kutotaka kuzijua. Mimi, binti wa jirani, nilipoajiriwa kuwa karani katika ofisi ya ardhi, alifurahi kupita mama yangu. "Sasa tuna mtu wetu mle ndani," aliwaambia watu. Nilikuwa nikimsikia nikiona haya, maana mtu wao mle ndani kazi yake ilikuwa kupiga mihuri na kutafuta mafaili yaliyoliwa na mchwa.

Ng'ambo, bara ya Mokowe, Mwashi alikuwa na ardhi. Alikuwa na barua ya kugawiwa yenye jina lake, tangu zamani, wakati watu wa mjini wakicheka mtu anayetaka ardhi ya porini. Hapo ndipo alipokusudia kuwajengea wanawe. Alikuwa na mabinti watatu, hakuna wa kiume. Kwetu Lamu binti akiolewa baba humpa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Baba asiye na nyumba ya kutoa hutoa kiwanja, au hutoa orofa ambayo bado haijajengwa, pale juu ya paa lake, penye hewa tupu. Hutamka mbele ya mashahidi siku ya nikahi, "Nimempa," na limekwisha. Hakuna anayeandika. Kuandika ingekuwa kama kusema mashahidi ni waongo.

Mwashi alitamka siku ya nikahi ya binti wa kwanza. Siku ya wa pili akatamka tena, na papo hapo akampa na Maimuna, mdogo wao, aliyekuwa bado anasoma, ili asijione ameachwa. Tangu siku ile ardhi ya Mokowe kwake ilikuwa ya watu wengine. Mimi mwenyewe nilikuwapo alipomwendea binti yake mkubwa kumwomba ruhusa ya kukata kuni kule. Binti akacheka, "Baba, kata tu, ni kwako." Akamkatiza palepale. "Si kwangu. Usinitie katika dhambi. Sema nakupa ruhusa." Binti akasema nakupa ruhusa, ndipo akachukua shoka. Tulimcheka sana siku ile.

Basi akaanza kuzipanga nyumba zile tatu. Pesa ya kuzijenga hakuwa nayo kwa mara moja, ila alijua atakavyozijenga. Alikata mikorosho yote iliyokuwa katikati ya ardhi, akabakisha mitatu pembeni. Akazichora chini nyumba zote, ukubwa wake wa kweli, kwa mistari ya mawe aliyoyapaka chokaa: daka la kuingilia, sebule, chumba cha ndani, jiko, ngazi. Kila alipopata nafasi alivuka akayapaka upya, mvua ikiwa imeyachafua. Lundo la mawe ya kujengea likakua mwaka hadi mwaka. Mabinti wawili walioolewa walikuwa wakikaa nyumba za kupanga, wakingoja.

Nilimwambia, wallahi nilimwambia. Nilimwambia, Ami, ardhi ile imeandikwa shamba. Njoo ofisini ujaze fomu ya kubadilisha matumizi iwe ya kujenga, upitishiwe ramani. Akaja siku moja, amevaa kanzu safi kama anakwenda Idi, na ramani ya nyumba tatu ameichora nyuma ya kalenda ya zamani. Ilikuwa ramani safi, hata ngazi zimehesabika. Kijana wa mipango akaitazama, akamrudishia kwa heshima, akamwambia ramani lazima ichorwe na mtu aliyesajiliwa na igongwe muhuri wake. Mwashi akauliza, "Huyo aliyesajiliwa ameyenga nyumba ngapi?" Kijana akasema hajui. "Mimi nimeyenga nusu ya mtaa wenu huu. Nikatafute mtoto anichoree?" Akakunja kalenda yake akatoka. Mimi nilibaki na aibu mbele ya wenzangu, na nikamkasirikia, na hasira ile sikuitoa yote. Hilo nalo mlijue.

Kisha ikaja habari ya barabara ya kwenda bandarini. Wakaja watu wenye vyombo vya kupimia, wakapigilia vigingi vyekundu, na vigingi vikapita katikati ya ardhi ya Mwashi. Serikali inaichukua, fidia italipwa. Mokowe pakachangamka! Watu waliokuwa hawajapanda mchicha maisha yao walinunua miche ya mikorosho wakaichomeka usiku na mchana, maana ilijulikana kwamba miti inalipwa kwa shina. Jirani yake mmoja alimletea Mwashi miche hamsini kwa hisani. Akaikataa. Alisema hawezi kupanda mkorosho sebuleni mwa mtu.

Mthamini aliyetumwa kukadiria fidia alikuwa mtu wa bara, mstaarabu, mwenye kofia ya jua na daftari. Nilifuatana naye kwa kazi. Tulipofika kwa Mwashi, Mthamini akakanyaga mstari wa mawe akaingia. Mwashi akapiga kelele.

"Bwana! Bwana! Mlango uko huku!"

Mthamini akasimama mguu mmoja ndani mmoja nje, akanitazama mimi. Nikamwambia kwa sauti ndogo azunguke. Akazunguka, Mungu ambariki, akaingia kwa pale palipokuwa na pengo, na Mwashi akamwambia karibu. Akamtembeza. Hapa daka, hapa wageni wataketi, huku ndani hawafiki. Hiki chumba cha mwanangu, yua la asubuhi halimpigi matoni akilala. Hapa tini patakuwa na kisima. Mthamini akamfuata vyumba vyote vya nyumba zote tatu. Mwishowe akavua kofia akajipepea.

"Mzee, mimi naandika kile naona," akasema. "Hapa naona mawe chini na mikorosho mitatu."

"Waona nyumba."

"Ningeziona kama zingekuwa zimepitishwa. Kungekuwa na ruhusa ya kujenga, ningeandika hii ni ardhi ya nyumba, na bei yake ni tofauti kabisa. Bila ruhusa, hii ni shamba. Tena shamba tupu. Ungeacha miti yako, ingekusaidia."

Mwashi akamwambia kwa upole, "Bwana, sikuya kuomba bei ya barabara yenu. Nyumba hizi zilikuwapo hapa kabla ya barabara kufikiriwa. Uliza mtu yeyote." Mthamini akasema anaamini. Akaandika, hakuna jengo. Tuliporudi kwenye gari aliniambia angependa siku moja mtu amjengee nyumba kama ile ya katikati.

Siku ya kusikiliza madai tulikaa katika darasa moja la shule. Mezani alikuwa mkubwa wa kikao, mtu wa bara pia, na mimi pembeni yake kuandika na kumfasiria maneno ya wazee wanaosema Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani, jua kali, mkubwa ana boti ya kuwahi. Kila mwenye dai aliulizwa maswali yale yale, na jibu liliandikwa katika kisanduku kwenye fomu. Visanduku vyenyewe vilikuwa vidogo kama kiberiti.

Mwashi akaja na barua yake. Akaapishwa. Mkubwa akauliza, "Ardhi hii ni yako?"

Mtu mwingine yeyote duniani angesema ndiyo. Barua ina jina lake, mkononi mwake! Mwashi alikuwa ameapa kwa jina la Mungu, na ardhi alikuwa ameitoa mbele ya mashahidi. Akasema, "Si yangu. Naliwapa wana wangu watatu, kila mmoya kiwanda chake cha kuyengea, siku za nikahi, na mashahidi wako hai. Mimi nimekuya kuwasemea."

Mkubwa akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema si yake," nikasema. "Anasema ni ya…"

"Si yake? Basi andika hivyo, andika jibu fupi, watu ni wengi."

Ningeweza kusema, ngoja, hajamaliza. Ilikuwa kazi yangu kusema. Lakini jua lilikuwa kali, na mkubwa alikuwa akigonga kalamu, na ndani yangu kulikuwa na lile la kalenda, nikasema moyoni, mzee huyu na ukaidi wake, kila mara yeye tu. Nikaandika: Si yangu. Nikamsogezea fomu. Hakuuliza nimeandika nini. Alitia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, akanitazama, akasema, "Ahsante, mwanangu." Akapewa nakala yake akaondoka.

Wiki iliyofuata nilikuwa nikipanga fomu zile na mkubwa yule. Akakuta ya mtu mwingine, wa kijiji kingine, aliyesema kwamba ardhi alimpa mwanawe. Akaniambia huyu ni rahisi, tunamwita mwanawe na mashahidi, tunaandika jina lake, basi. Nikamuuliza, na yule mzee wa nyumba za chokaa? Akatafuta. "Huyu? Huyu amekana mwenyewe. Labda alalamike, siku bado zipo." Nikasema sawa. Nilisema sawa, nikaendelea kupanga fomu.

Kila siku nilijiambia kesho. Kumwambia mkubwa ilikuwa kukiri kwamba nilifasiri nusu. Kumwambia Mwashi ilikuwa mbaya zaidi. Nikajidanganya kwamba mabinti zake wamesoma, wataona wenyewe, watakwenda kulalamika, na mambo yatanyooka pasipo mimi kuonekana. Nikaanza kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile ya penye jaa, nisipite barazani kwake. Mama akaniuliza mbona nanuka taka. Siku za malalamiko zikaisha.

Walimlipa Mwashi mikorosho mitatu tu, kwa kuwa Mthamini alikuwa ameiandika kwa jina lake. Ardhi ikaandikwa haina mwenye dai. Tingatinga likapita juu ya nyumba zote tatu asubuhi moja, na waliokuwapo walisema Mwashi hakwenda kutazama. Binti wa pili na mumewe wakahamia Faza kwa wakwe, baada ya kodi kuwashinda. Maimuna alikuwa ameposwa. Watu wa mume walingoja, kisha wakauliza nyumba iko wapi, kisha wakaacha kuuliza, na kijana akaoa kwingine. Hawakuwa watu wabaya. Mwashi mwenyewe akaacha kazi. Watu walidhani ni uzee.

Nilimwona kwa mara ya mwisho kabla ya Ramadhani iliyopita. Mama aliniambia miguu ya Mwashi imevimba, hatoki, na ni aibu mimi jirani sijamwangalia. Nikaenda baada ya alasiri. Nilikuwa nimeazimia kusema, kwa kuwa niliogopa atakufa na neno lile ningali nalo.

Alikuwa amelala sebuleni, amepungua, kanzu imembakia kubwa. Alifurahi kuniona, na hilo liliniumiza kuliko kama angenifukuza. Tukajuliana hali. Kisha nikamwambia.

"Ami, siku ile ya shuleni, mimi sikuandika maneno yako yote. Niliandika si yangu, nikaacha ya mabinti. Kosa ni langu. Ndilo lililowanyima."

Nikasikia Maimuna jikoni akitwanga kitu, kisha akaacha kutwanga.

"Naliyua," akasema Mwashi. "Maimuna alinisomea siku ile ile."

"Siku ile ile? Na siku za kulalamika zilikuwa bado?"

"Zalikuwa bado zote."

"Sasa mbona hukwenda kusema? Mbona hukuniita?"

Akajiinua kidogo kwa kiwiko. "Niende kwa wale wageni, nikawaambie mwana wa yirani yangu amenikata neno? Wangalikufukuza kazi. Mamako angalikula nini?" Akapumzika. Maneno yalikuwa yakimchosha. "Nikasema, atakuya mwenyewe. Wewe nimekuona tangu mtoto. Ukiya wewe ukasema nalikosea, ni yambo yingine, hilo lina heshima, hawatakufukuza kwa hilo. Nikawaambia wanangu wakungoje. Nalikuwa nikikaa barazani kila alasiri. Kisha ukaanza kupita ndia ya nyuma."

Nilisema unisamehe, na akasema ameshasamehe zamani, kwa haraka, kama mtu anayetaka kulimaliza, akafumba macho.

Maimuna akaingia na buli la kahawa. Akaniuliza mama hajambo, nikasema hajambo. Akanimiminia, akaketi mkekani mbele yangu, mikono amefumbata magotini. Sauti yake haikuwa na ukali wowote.

"Mimi nilitaka kukujia, dada," akasema. "Siku ile ya mwisho kabisa ya malalamiko nilivaa buibui, nikafika pale mlangoni. Baba akanirudisha. Akasema magharibi bado haijaingia, huenda ukaja."